Fildi wakati ziwa limefungwa: kisa cha mwanafunzi wa uhasibu mjini Kigoma

Kabla ya kisa

Mwanafunzi huyu nitamwita Zaituni. Si jina lake. Chuo, ofisi, mwalo (ufuko ambako boti hushusha samaki) na kikundi havitajwi, na mambo madogo kadhaa yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Tarehe sikuzigusa, kwa sababu bila kujua Ziwa Tanganyika lilifungwa lini kwa uvuvi, kisa chenyewe hakieleweki. Zaituni na mwenyekiti wa kikundi walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Mwenyekiti aliomba sentensi mbili ziondolewe, zikaondolewa.

Mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara yao. Maamuzi ninayoyaeleza hapa mengine ni yake, mengine ni yangu.

Usuli

Zaituni alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Kwao ni Ujiji, chuo kiko mkoa mwingine. Mtaala unamtaka mwanafunzi akae wiki nane kwenye kituo cha kazi, ajaze daftari la kazi za kila siku lenye saini na mhuri wa kituo, aandike ripoti, na atembelewe na mhadhiri walau mara moja. Wanafunzi wote huiita fildi, nami nitafanya hivyo hivyo.

Fildi ya mwaka 2024 ilianza Jumatatu, 15 Julai. Vijana wa Kigoma wanaosoma Tabora, Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam hurudi nyumbani karibu wakati mmoja, na sababu iko wazi: nyumbani hakuna kodi ya chumba, na sahani ya ugali haihesabiwi. Basi barua za maombi zinamiminika kwenye ofisi zilezile za mjini: manispaa, bandari, reli, hospitali ya rufaa, mamlaka ya maji, mabenki. Kampuni binafsi yenye idara ya uhasibu ya kumpokea mwanafunzi si rahisi kuipata. Biashara nyingi za mji huu, za samaki, mazao na bidhaa zinazovuka kwenda Kongo na Burundi, zinaendeshwa na mwenye mali mwenyewe na mtu wake mmoja wa kuaminika mwenye daftari.

Nafasi yake Zaituni aliipata kwenye ofisi moja ya umma kupitia mjomba wake. Sisemi hivi kumsuta. Karibu kila barua ya kukubaliwa inayofika mezani kwangu imepita mkononi mwa mjomba, shemeji au jirani wa mtu. Nilipomuuliza kwa nini ofisi ile, alisema anataka ajira ya serikali na kwamba mhuri wa pale una uzito.

Liko pia jambo la kalenda ambalo vyuo tunalijua na tunalinyamazia. Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha 30 Juni. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wahasibu wa ofisi za umma wanafunga hesabu za mwaka uliopita kwa ajili ya ukaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huku fedha za mwaka mpya zikiwa bado hazijashuka vizuri. Mhasibu anatoka kazini usiku, mwanafunzi anaambiwa "subiri kwanza". Yaani kazi inayofaa zaidi kujifunza inafanyika chumba cha pili, na hakuna mwenye dakika ya kuieleza. Tunawapeleka kipindi hicho kwa sababu moja tu: ndiyo likizo ya chuo.

Wiki tatu za mwanzo

Chumba alichopangiwa kilikuwa na wanafunzi tisa wa vyuo mbalimbali na meza tatu. Malipo ya ofisi yanapita kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, na mwanafunzi hapewi nywila. Ni sawa kabisa asipewe; fedha ya umma si ya kujifunzia kubofya. Shida ni kwamba fomu zetu bado zinamtaka "ashiriki kuandaa malipo", kana kwamba malipo bado yanaandikwa kwa kalamu kwenye kitabu kikubwa ambacho mwanafunzi anaweza kuchungulia begani kwa mhasibu.

Daftari lake la wiki hizo ninalo. Kutoa nakala. Kupeleka barua masijala. Kutafuta jalada. Kupanga hati za malipo kwa namba. Kuanzia wiki ya pili maneno yanajirudia, na siku moja ameandika tu: "Kama jana."

Hata hivyo mambo mawili yalitokea pale, na sitaki yafunikwe na malalamiko.

La kwanza ni mhasibu msaidizi mmoja, mama wa makamo, aliyepata nafasi alasiri moja akawaita wale tisa. Akawawekea rundo la hati za malipo za zamani na kuwaeleza kwamba hati bila viambatisho ni karatasi tu: dokezo la kuomba malipo lililoidhinishwa liko wapi, ankara iko wapi, hati ya kupokelea mali, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Kisha akasema, "Tafuteni zenye upungufu." Wanafunzi watatu walikuwa kwenye simu zao. Zaituni alizipata hati nne, moja ikiwa na ankara yenye tarehe ya nyuma kuliko dokezo lenyewe. Somo zima halikufika saa mbili. Mama yule hakupata tena nafasi kama ile.

La pili lilitokea wakati wa chakula. Zaituni alimuuliza mama huyohuyo alifikaje pale. Akasimuliwa yote: kuanza kama karani, kusomea mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, usiku watoto wakiwa wamelala, kufeli somo moja na kulirudia, kukaa muda mrefu akisubiri tangazo la nafasi, na kuhamishwa mara mbili mbali na familia. Kwa maelezo ya Zaituni, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza njia ya kazi hii pamoja na sehemu zake za kungoja. Chuoni tunafundisha uhasibu, lakini mhasibu anaishije hatusemi.

Ombi la kuhama

Mwisho wa wiki ya tatu alinipigia. Alitaka kuhamia kwenye kikundi cha kina mama wanaokausha dagaa kwenye mwalo mmoja wa manispaa, ambacho mama yake mdogo ni mwanachama.

Kikundi kilikuwa na haja mahsusi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, na kufikia katikati ya 2024 habari ya kurejeshwa kwake ilikuwa imeenea hadi mialoni. Kikundi kilikuwa na katiba na usajili. Andiko la mradi lilihitaji hesabu za biashara, na hesabu hawakuwa nazo.

Walichokuwa nacho ni muda. Tanzania ilikuwa imefunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa hili, ili samaki wazaliane. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu. Kina mama ambao kwa kawaida huwezi kumshika mmoja kwa dakika tano walikuwa wamekaa.

Nilikuwa na njia tatu. Kukataa ndiyo iliyokuwa rahisi, kwa sababu mwongozo wetu unaruhusu kubadili kituo ndani ya wiki mbili za kwanza tu. Kukubali moja kwa moja kulikuwa na hatari zake: kikundi hakina mhasibu, ofisi wala mhuri, na mwenzangu mmoja idarani alishatabiri tutasemwa kwamba tumempeleka mwanafunzi kuanika dagaa na shangazi yake. (Ni mama mdogo, lakini hoja yake niliielewa.)

Nikachukua ya tatu. Siku mbili kwa wiki ofisini, siku tatu mwaloni, kwa masharti. Kikundi kiandike barua. Afisa maendeleo ya jamii wa kata asaini daftari la siku za mwaloni. Mama mdogo asiwe na neno katika tathmini. Na wiki ya nane ikiisha, yawepo mezani mambo mawili: daftari la fedha la miezi kumi na miwili na taarifa ya mapato na matumizi.

Sikumtoa ofisini kabisa kwa ajili ya mhuri, nakiri, lakini pia kwa ajili ya yule mama wa hati za malipo. Na nilimruhusu kwenda mwaloni kwa sababu moja iliyozidi nyingine zote: kule palikuwa na watu waliokuwa wanaisubiri kazi yake. Ofisini, angeanguka mgonjwa wiki nzima, hakuna hesabu ambayo ingechelewa.

Hata saini ya kwanza haikuja kirahisi. Afisa wa kata alikuwa Tabora, viwanja vya Ipuli, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda. Wiki ya nne yote ikasainiwa kwa mkupuo aliporudi.

Vichanja vitupu, madaftari wazi

Kikundi kilikuwa na daftari la hisa, safi kuliko madaftari mengi niliyoyaona maofisini: kila wiki, kila mwanachama, hadi faini za kuchelewa. Kilikuwa na daftari la madeni. Ununuzi na mauzo ya dagaa yalikuwa kichwani mwa mweka hazina.

Zaituni alianza kama tulivyomfundisha: mwezi wa kwanza mlinunua kiasi gani, wa pili kiasi gani. Hakupata kitu. Kina mama walikuwa wanataja namba ili tu asiaibike.

Alichokigundua siku ya tatu ndicho kilichofungua kazi yote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa penye giza. Mbalamwezi ikiwa kali, boti nyingi hupumzika. Kwa hiyo kalenda ya biashara hii haiendi kwa Januari na Februari, inakwenda kwa giza. Alipobadili swali na kuuliza "giza la kuanza Ramadhani mlinunua wapi, kwa bei gani, mkapeleka wapi?", majibu yakaanza kutoka yakigombana, na ugomvi huo ulikuwa dalili nzuri, maana watu hawagombanii wasichokikumbuka. Wale wa Ujiji waliozoea kuhesabu miezi ya Kiislamu walikuwa na kumbukumbu kali zaidi, kwa kuwa mwezi wenyewe huandama baada ya giza. Giza la Ramadhani likaangukia karibu na 10 Machi, la Idi karibu na 9 Aprili. Kwa kalenda ya simu alizipangia tarehe giza zote kurudi nyuma hadi katikati ya 2023.

Baada ya hapo akatafuta ushahidi wa kila giza: jumbe za miamala kwenye simu ya mweka hazina na ya mwenyekiti, stakabadhi za mizigo ya mabasi, risiti za ushuru, daftari la madeni. Viambatisho, kwa maneno mengine. Lile somo la ofisini ndilo alilolitumia, na ananiambia kwamba bila lile rundo la hati angeandika alichoambiwa na kukiita hesabu.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha vipimo. Darasani, leja ya bidhaa ni rahisi: umenunua mia, umeuza sitini, zimebaki arobaini. Hapa wananunua mbichi kwa beseni, wanauza kavu kwa sado au gunia, na sehemu kubwa ya kilichopotea katikati ni maji. Zaituni aliandika tofauti yote kama hasara. Mwenyekiti alipoonyeshwa alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, maji si hasara. Mvua ikinyesha wakiwa kichanjani, hiyo ndiyo hasara." Mwalimu wa gharama za uzalishaji angehitaji kipindi kizima kueleza tofauti ya upungufu wa kawaida na usio wa kawaida.

Tofauti ya fedha

Katika wiki ya tano, jumla ya fedha zilizoingia kwenye simu ilizidi zile ambazo mweka hazina alikumbuka kuzikabidhi. Kiasi chenyewe nimekiondoa. Kilikuwa kikubwa cha kutosha kuvunja kikundi.

Alinipigia usiku. Nyumbani, mama mdogo alikuwa anamuuliza kila jioni kazi inakwendaje. Kwenye kikao kijacho angetakiwa kusoma alipofikia. Tulizungumza njia alizokuwa nazo, na aliyoichagua ilikuwa kwenda kwa mweka hazina peke yake, na karatasi, na kumuuliza, "Mama, hebu nisaidie, hapa nimekosea wapi?" Haikuwa hila ya adabu. Inawezekana kabisa mkosaji ni mtunza hesabu, na kweli sehemu ya tofauti ilikuwa muamala uliorudishwa ambao alikuwa ameuhesabu mara mbili.

Iliyobaki ilikuwa na maelezo. Mweka hazina alitumia laini moja kwa fedha za kikundi na za nyumbani kwake. Miezi mitatu bila uvuvi, akatoa ya unga, akatoa ya sare za shule, akarudisha kiasi, kingine bado. Hakukuwa na siku aliyokaa akaamua kuiba. Aliomba aachiwe aseme mwenyewe, na kwenye kikao akasema. Wanachama wawili walitaka aondolewe papo hapo. Mwenyekiti akamwekea muda wa kulipa na kubadili utaratibu: ikanunuliwa laini mpya ya kikundi, simu ikakaa kwa mwenyekiti na namba ya siri kwa mweka hazina. Wahasibu huita kutenganisha majukumu. Kina mama hawakuhitaji jina lake.

Ziwa linafunguliwa

Tarehe 15 Agosti ilikuwa Alhamisi. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19. Anayeijua kazi hii ameshaelewa: ziwa lilifunguliwa mbalamwezi ikikaribia ukali wake. Boti zilitoka hata hivyo, watu walikuwa na njaa ya fedha, lakini dagaa waliofika mwaloni kwa siku zile walikuwa wachache na bei ilikuwa juu.

Kikundi kiligawanyika: kununua sasa ili kuwahi wateja waliokuwa wamekaa miezi mitatu bila dagaa, au kungoja giza la mwanzo wa Septemba. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na karatasi ya kutazama. Ilionyesha kwamba mwaka uliopita, mara mbili walizonunua kwa bei kubwa wakati wa mbalamwezi, baada ya ushuru na usafiri hapakubaki kitu. Wakanunua kidogo, wakangoja.

Ningependa kuandika kwamba daftari ndilo lililowaokoa. Mwenyekiti anasema angengoja hata bila daftari, na mimi namwamini. Tofauti, kwa maneno yake, ni kwamba safari hii hakulazimika kubishana siku tatu.

Giza la Septemba lilipoingia, Zaituni alikuwa wiki yake ya mwisho. Waliazima mizani, wakapima kilo kumi mbichi, wakazianika peke yake, wakazipima tena. Zilirudi chini kidogo ya kilo tatu. Namba hiyo ndiyo wanayoitumia hadi leo kukadiria beseni litatoa nini wakati wa kiangazi. Ya masika bado hawajaipima.

Siku ya tathmini

Mhadhiri wa kutembelea wanafunzi alikuwa na ratiba ya kushuka na njia yote: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, kisha Kasulu, kwa wiki moja. Dakika ishirini kwa mwanafunzi ni nyingi. Alifika ofisini siku ambayo Zaituni yuko mwaloni, akachukua bodaboda kumfuata, akamkuta na ndala na kanga kiunoni akiandika uzito.

Fomu ya tathmini ina kipengele cha mavazi ya kiofisi. Ina matumizi ya kompyuta. Haina mahali pa kuweka alama kwa mtu aliyegeuza giza kumi na mbili kuwa mwaka wa fedha. Mhadhiri, ambaye ni mtu mwadilifu, alijaza fomu kama ilivyo.

Matokeo

Zaituni alifaulu, kwa alama za chini kuliko wenzake wawili waliokaa ofisini wiki zote nane wakipanga hati.

Andiko la kikundi lilirudishwa mara moja kwa sababu ya upungufu kwenye akaunti ya benki, likarekebishwa, na mkopo waliopata baadaye ulikuwa chini ya walioomba. Mweka hazina alimaliza deni. Bado ni mweka hazina.

Daftari alilolitengeneza Zaituni lilikufa ndani ya mwezi. Lilikuwa na safu kumi na moja, zimepigwa mstari vizuri, kama mfano wa kitabuni. Hakuna aliyekuwa na muda wa kulijaza dagaa wakiwa wanapakuliwa alfajiri. Binti wa mwanachama mmoja, aliyemaliza kidato cha nne, alichukua daftari jingine akaliwekea safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani. Hilo linaendelea.

Kuhusu kazi, Zaituni hakuipenda biashara ya dagaa. Aliniambia waziwazi kwamba harufu na alfajiri si vyake. Wala haitaki tena ofisi kwa sababu ni ofisi. Anachokitaka ni ukaguzi wa hesabu: ile hali ya kukaa na karatasi zisizokubaliana na kutafuta kwa nini. Fildi ya pili aliomba kwenye kampuni ya ukaguzi Mwanza, akijua atalipa kodi ya chumba.

Uchambuzi

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama ofisi mbaya dhidi ya mwalo mzuri. Sikisomi hivyo. Bila alasiri moja ya hati za malipo, mwaloni angekuwa mgeni mwenye kalamu. Bila mwalo, ile alasiri ingebaki habari ya kusimulia. Kilichotofautisha sehemu hizo mbili ni kama kuna mtu anayeisubiri kazi. Mahali ambapo hakuna anayesubiri, hata mwanafunzi mwenye bidii atajikuta anaandika "kama jana".

Swali aliloliuliza wakati wa chakula lina thamani kuliko nilivyodhani awali. Wanafunzi wetu huchagua mhuri wakidhani wamechagua kazi. Wachache humuuliza mfanyakazi alifikaje pale, anafanya nini saa nne asubuhi, kipi kinamchosha. Ni maswali ya bure, na wafanyakazi wasio na dakika ya kufundisha mara nyingi wanayo dakika ya kujieleza wakiwa wanakula. Upande wa pili, ripoti zetu hazina mahali pa kuandika "kazi hii nimeiona, siitaki". Miaka ya nyuma mwanafunzi mwingine aliandika hivyo, na msahihishaji akamkata alama kwa kukosa moyo wa kazi. Naona yeye ndiye aliyepata faida kubwa kuliko wote wa mwaka ule: alijua mapema, kwa nauli ya wiki nane tu.

Undugu ulisaidia na uliumiza. Mama mdogo ndiye aliyemfungulia mlango, na kikundi kisingemwonyesha mgeni jumbe za simu zao. Lakini ni undugu huohuo uliomfanya binti wa miaka ishirini na moja alale na siri ya fedha za watu wazima chini ya paa moja na mwanachama wa kikundi. Barua ya makubaliano haikuwa na neno kuhusu usiri. Sasa ina kifungu: anachokiona mwanafunzi kwenye hesabu, anakipeleka kwanza kwa mhusika na kwa mratibu, si nyumbani.

Kuhusu lile daftari la safu kumi na moja, lawama ni ya ufundishaji. Tunamfundisha mwanafunzi kutengeneza hesabu zinazompendeza mkaguzi, hatumfundishi kuuliza nani atazijaza mimi nikiondoka, na atazijaza saa ngapi.

Tena, kisa hiki hakinakiliki kirahisi. Ziwa kufungwa kuliwapa kina mama muda ambao mwaka wa kawaida hauna. Julai hiyohiyo nilimruhusu mwanafunzi mwingine kwenda kwenye duka la vipuri vya pikipiki kwa mpango unaofanana. Alirudi wiki ya pili. Mwenye duka alimpokea vizuri, akamnunulia soda kila siku, na hakumfungulia daftari hata ukurasa mmoja, kwa hofu kwamba hesabu zikishaandikwa vizuri zitafika TRA, mamlaka ya mapato. Kikundi cha kina mama kilikuwa na sababu ya kutaka hesabu zionekane. Yeye alikuwa na sababu ya kutotaka. Hilo ndilo la kupima kabla ya kumtuma mtu popote.

Kwa fildi iliyofuata niliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kituo: kazi ipi itamsubiri mwanafunzi, na nani ataitumia. Fomu nyingi zilirudi mstari huo ukiwa mtupu. Wanafunzi tuliwapeleka hukohuko, kwa sababu nafasi nyingine hazikuwepo, ila kila mmoja aliondoka na kazi mbili mkononi: kufuatilia malipo mamoja tu tangu dokezo linapoandikwa hadi fedha inapomfikia mlipwaji, bila kuhitaji nywila ya mtu, na kuwauliza wafanyakazi wawili walifikaje hapo walipo. Ripoti za kwanza za kazi ya pili ndizo ninazozisoma sasa. Nyingine ni za kurasa mbili, nyingine ni mstari mmoja, na moja imeandikwa na kijana anayetaka kuacha uhasibu akasomee ufugaji wa nyuki. Tumepanga kuonana wiki ijayo.